Kuziba na Kuzibua

Mume wangu huziba mtaro. Mimi huuzibua. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa yetu kwa miaka tisa.

Mimi ni fundi wa kushona. Asubuhi nafagia chumba cha mbele, nachemsha chai, kisha nakaa kwenye cherehani. Nashona zaidi sare za shule. Mume wangu ni mtu wa miche. Ana kitalu nyuma ya nyumba, chenye miche ya matunda, ya mbao na ya mboga. Huizungukia na kopo alilolitoboa matundu, akiinyunyizia maji kwa kipimo. Mtaani wanamwita Bwana Tone. Akiona bomba la mtu linavuja, husimama hapo mpaka mwenyewe atoke aone haya.

Kiwanja chetu kimelala kwenye mteremko. Juu iko nyumba kubwa. Chini kiko chumba cha uani, alikokuwa akikaa mama mkwe wangu. Karibu na chumba hicho kuna kisima, na si mbali na kisima kulikuwa na choo cha shimo. Pembeni unapita mtaro wa maji ya mvua, kutoka juu mpaka barabarani. Pale barabarani maji huingia kwenye kalavati, lile bomba nene la zege linalopita chini ya barabara.

Mama mkwe amepita miaka themanini. Mguu mmoja haumtii tena, hivyo hutembea kwa fimbo. Alipenda kukaa chini kule kwa sababu, alisema, cherehani yangu ina domo kuliko mimi mwenyewe. Msomaji, katika haya yote usimsahau bibi huyu. Sisi tulimsahau, na ndiyo maana nakasirika kila nikikumbuka.

Sasa nikueleze kisa cha mtaro.

Mume wangu alikulia mahali ambapo mvua ilikataa kunyesha. Alipokuwa mtoto, ukame ulikaa kwao misimu mitatu. Ng'ombe walikufa mmoja mmoja, kisha chakula kikawa mlo mmoja kwa siku, kisha dada yake mdogo akaacha kucheza. Alikaa tu kivulini, mpaka siku moja hakuamka. Mume wangu huisimulia habari hiyo kwa maneno machache, halafu anatoka nje.

Mimi nilikulia kando ya mto. Asubuhi moja mto ulihamia kwetu. Tulikaa siku mbili juu ya paa la shule. Shangazi yangu aliona maji yamefika magotini tu, akasema atavuka mara moja akachukue gunia la mahindi. Hatukumwona tena.

Kwa hiyo yeye huogopa ukame na mimi naogopa mafuriko. Hapo hapana ubaya. Ubaya ni kwamba kila mmoja aliona hofu ya mwenzake ni upuuzi.

Mawingu yakikusanyika tu, Bwana Tone anajaza udongo kwenye viroba na kuviweka mtaroni, ili maji yasimame apate ya kumwagilia miche. Anapofanya hivyo husema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nimemwambia mara mia kwamba methali ile inasema ufa. Haisemi mtaro. Nami akigeuka tu nachukua jembe naondoa viroba. "Maji hufuata mkondo," namwambia. Naye hunijibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Siku moja mama mkwe alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Methali mnazo. Akili mmeziweka wapi?"

Sisi tulikuwa bado tunabishana ni lipi baya zaidi, mafuriko au ukame. Swali hilo tulilila na kila chakula cha jioni. Binti yetu alijua kuhama na sahani yake.

Jirani yetu, upande wa pili wa ukuta, ni mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari. Kila siku saa tatu asubuhi huenda kwenye uwanja wa shule kusoma kipima mvua. Hiki ni chombo kama kopo refu, hukinga mvua ili ijulikane imenyesha kiasi gani. Mvua hupimwa kwa milimita. Yeye huandika milimita zake kwenye daftari, kisha hupiga simu idara ya hali ya hewa kuwasomea. Amefanya hivyo miaka kumi na sita, hata sikukuu, hata siku ya harusi ya mwanawe. Ndiyo maana anaitwa Mama Milimita. Si mtu wa kubembeleza.

Mwaka wa tisa wa ndoa yetu kipima mvua chake kilikaa kikavu miezi tisa. Ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Kisima kikashuka mpaka ndoo ikawa inapanda na tope. Miche ikaanza kunyauka. Mume wangu akakonda. Alikuwa akiosha uso kwa maji ya kikombe kimoja, na maji hayohayo akaupelekea mche wa mpapai. Akatukataza kunawa mikono ovyo. Binti yetu akaharisha siku tatu, nasi tukasema ni maembe mabichi.

Mtaro nao ulikuwa mkavu. Na hapa lazima niseme ukweli wangu. Kikapu changu cha mabaki ya vitambaa kikijaa, nilikimwaga mtaroni. Jalala lilikuwa mbali, na mtaro ulikuwa hatua kumi. Vipande vya mikono, vya kola, vya mifuko, vyote humo. Mimi, mtetezi wa mtaro kwa miaka tisa. Sikufikiri.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, Mama Milimita alikuja ukutani. Alisema utabiri umetoka, mvua inakuja karibuni na itakuwa kubwa kuliko kawaida. Akasema ardhi iliyokauka hivi hainywi maji haraka, maji yataserereka juu yake kama juu ya bati. Kisha akatugeukia mmoja mmoja.

"Shemeji, ondoa viroba vyako. Fundi, zoa vitambaa vyako. Na huyu mama mhamisheni juu."

Mimi nilisikia la viroba, nikamtazama mume wangu. Mume wangu alisikia la vitambaa, akanitazama mimi. La tatu hakulisikia yeyote.

Mvua ilikuja siku ya nne, saa tisa mchana. Mume wangu alikuwa amempelekea mteja miche kwa mkokoteni wake. Binti alikuwa shuleni. Mimi nilikuwa napiga vifungo. Bati lilianza kulia, na kabla sijamaliza kifungo cha tatu sikuweza kuisikia cherehani yangu mwenyewe.

Nilitoka na jembe. Maji ya mteremko mzima yalikuwa yakishuka mtaroni kwa rangi ya chai ya maziwa. Yalikutana na viroba vya Bwana Tone, yakawa yanapanda kuelekea ukuta wa nyumba. Nilivifokea viroba kana kwamba vina masikio. Nikaving'oa kimoja kimoja na kuvitupa humohumo majini. Yakaondoka navyo. Mtaro ukafunguka, maji yakakimbia, nami nikasimama kwenye mvua nikijisikia mshindi.

Ushindi wangu haukufika dakika kumi. Maji yalianza kurudi. Yalirudi kutoka chini kwenda juu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Yakatoka mtaroni, yakatandaa uani, yakazunguka choo, yakapita juu ya mdomo wa kisima, yakaingia chini ya mlango wa chumba cha uani.

Ndipo nikamkumbuka mama mkwe.

Nilitaka kukata moja kwa moja, kando ya mtaro. Ndiyo njia ya siku zote. Nilikwisha kuingiza mguu mmoja nikasikia sauti juu ya ukuta. Mama Milimita alikuwa amepanda kiti, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani.

"Fundi, simama hapohapo," aliniambia. "Maji yanayokwenda yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima. Na huoni mtaro unaanzia wapi. Rudi, zunguka kwa juu, shika ukuta, upime chini kwa mti wa ufagio."

Magotini. Nilimwona shangazi yangu na gunia lake ambalo hakulifikia. Nilirudi nikachukua ufagio, nikazunguka. Nilishika ukuta, nikachoma mti majini, nikapiga hatua, nikachoma tena. Njia ambayo ni ya sekunde kumi ilinichukua muda ambao sitaki kuukumbuka.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani na miguu juu, redio mapajani. Maji yalikuwa yamefika kwenye godoro. Sufuria yake ilikuwa inaelea.

"Umechelewa," alisema.

Nikamwambia apande mgongoni. Akasema haondoki bila kopo lake la dawa za presha. Nikatafuta kopo huku maji yakinipanda. Nililipata juu ya dirisha, mahali alipoliweka yeye mwenyewe. Nikambeba. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na fimbo yake ilinipiga sikio njia nzima. Tulirudi kwa njia ileile ya juu, tukiushika ukuta. Nilimketisha kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, nikamfunika kwa sare tano ambazo hazijatiwa vifungo.

Bwana Tone alirudi mvua ikipungua, nguo zimemganda mwilini. Nilimweleza kwa maneno mawili. Alimwangalia mama yake, akamshika miguu kuona kama ina joto, kisha akachukua reki akaenda kungoja barabarani. Maji yalipopoteza nguvu akaanza kuvuta vilivyoziba kalavati.

Kwanza kilitoka kiroba cha udongo. Chake. Nikamfuata hadi pale nikiwa nimeyapanga maneno ya miaka tisa. Kisha kikatoka kingine. Kisha reki ikatoka na kitu kirefu, kimesokotana, cha rangi ya buluu na nyeupe. Vilikuwa vitambaa. Mikono, kola, mifuko, sare za shule nzima zimejifunga kwenye viroba kama kamba. Mume wangu aliinua kipande kimoja, akanionyesha.

Ningependa angefoka. Maneno ya miaka tisa niliyaacha, nikashika ncha nyingine ya kamba ile, nikavuta.

Jioni hiyo Mama Milimita alikuja na taa yake na maagizo. Alisema choo kimefurika na maji yake yameingia kisimani, kwa hiyo maji ya kisima tusiyanywe, tusiyaoshee vyombo, tusiyapigie hata mswaki, mpaka bwana afya aje kukitia dawa. Maji ya kunywa tuyachote kwenye bomba la shule, na hata hayo yachemke kwa nguvu dakika nzima, yafunikwe. Unga na maharage yaliyoguswa na maji tuyatupe. Mume wangu aliposikia kutupa alishika kifua.

Siku mbili alifuata maagizo hayo. Lakini kisima kilikuwa kimejaa mpaka juu, kwa mara ya kwanza tangu tukihamie. Kila akipita alikuwa anachungulia. Miezi tisa mtu ameomba maji, halafu maji yamekuja, halafu anaambiwa asiyaguse. Siku ya tatu mkaa ulikuwa umeisha na foleni ya bombani ilikuwa ndefu. Matope yalikuwa yametulia na maji yaling'aa. Mama yake alisema ana kiu. Akamchotea kikombe, kisha kingine. Sikuwepo. Ningekuwepo ningepiga kelele, na huenda angempa hivyohivyo, ili kunikomoa. Tulikuwa tumefika huko.

Kesho yake mama mkwe aliharisha tangu asubuhi. Kufika saa nane mchana, macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Hakututania. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa miche, tukamsukuma mpaka zahanati.

Muuguzi alimtazama, akamtundikia dripu, akatugeukia.

"Mama ameishiwa maji mwilini."

Mume wangu hakuelewa. "Ameishiwaje maji?" aliuliza. "Kwetu ni maji matupu."

"Ni hayohayo mliyompa," muuguzi alijibu. "Amekunywa maji machafu, yamemtoa maji yote aliyokuwa nayo. Mngekawia mpaka jioni, mngekuja kuniuliza mengine."

Mume wangu alikaa kwenye benchi. Maisha yake yote aliyakimbia yale aliyoyaona kwa dada yake. Sasa aliyaona tena usoni kwa mama yake, siku nne baada ya mafuriko, na kikombe amekitoa yeye kwa mkono wake. Nilikaa karibu naye. Nilijua viroba ni vyake, na mkono uliovitupa majini ni wangu, na vitambaa ni vyangu. Sikuwa na methali.

Muuguzi alitupa pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini. Akatufundisha pia namna ya kuitengeneza nyumbani pakiti zikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, si vya kurundika. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, mara nyingi. Mama mkwe alilala pale siku tatu. Siku ya tatu alimwambia muuguzi kwamba sketi yake imeshonwa vibaya, ailete kwangu. Tukajua amepona.

Aliporudi nyumbani, Mama Milimita alikuja kumwona. Alikuja na daftari lake. Nadhani mume wangu alikuwa amechoka, au alitaka kusikia mtu wa nje akitoa hukumu, kwa sababu aliuliza swali lilelile. "Wewe unayepima. Kati ya mafuriko na ukame, lipi ni baya zaidi?"

Mama Milimita alivua miwani yake.

"Miaka tisa nalisikia swali hilo kupitia ukutani," alisema. "Limenichosha. Mafuriko ni mwizi anayevunja mlango. Anakuja na kelele, na kwa saa moja amebeba kila kitu, na watu pia. Majirani wanasikia, wanakuja kusaidia. Ukame ni mwizi anayekaa humo humo ndani. Leo anachota kibaba, kesho kibaba, na hakuna siku unayoweza kusema leo ndiyo ameanza. Unagundua debe likiwa tupu, na majirani nao madebe yao ni matupu. Mafuriko huua haraka. Ukame huua polepole, lakini unaweza kuua wengi zaidi. Sasa niambie, shemeji, ukijua nani mbaya zaidi utamfungulia mwingine?"

Akafungua daftari. Alituonyesha safu ya sifuri, ukurasa baada ya ukurasa, miezi tisa. Kisha namba moja: hamsini na nne. Milimita hamsini na nne, kwa saa mbili.

"Hawa si maadui wawili, ni ndugu," alisema. "Ukame uliikausha ardhi, nyasi zikafa, udongo ukawa mgumu. Mvua ilipokuja haikuwa na pa kuingia. Ndiyo maana mafuriko yalikuwa makubwa vile. Na mafuriko nayo yakachukua udongo mzuri wa juu, na kuharibu kisima. Jua likiwaka mwezi mmoja tu, mtakuwa na ukame tena. Na ugonjwa wa kuhara huja na wote wawili. Mafuriko huchafua maji. Ukame huwafanya watu waache kunawa mikono, wachote maji ya madimbwini. Yule binti yenu aliharisha mwezi wa saba. Mlisema nini?"

"Maembe," nilisema.

"Maembe," alirudia, akavaa miwani.

Mama mkwe alikuwa amelala, au tulidhani amelala. Alisema bila kufumbua macho, "Aliyeogopa ukame amenikausha. Aliyeogopa mafuriko amenifurikisha. Mungu anilinde na wanaonipenda."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu anayejadiliana na mganga, miche yake itakunywa nini ikiwa mtaro hauzibwi. Mama Milimita alimtoa nje, akamwonyesha paa letu.

"Nini kile?"

"Bati."

"Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati, ni lita moja ya maji. Pima bati lako."

Mume wangu alipima kwa utepe wangu wa kushonea. Upande mmoja wa paa ulikuwa mita za mraba arobaini. Akasimama kwenye ngazi akihesabu kwa vidole. Milimita hamsini na nne mara arobaini. Lita elfu mbili na zaidi, kwa mvua moja, na hazijagusa tope wala choo. Akahesabu tena tangu mwanzo. Miaka tisa alikuwa ameinamia mtaro akizuia maji machafu, na maji safi yanamdondokea mgongoni. Nikimfikiria hapo mpaka leo nataka kucheka na kulia.

Basi tulianza, na haikuwa siku moja. Mume wangu alikunja bati na kutengeneza mifereji ya kukinga maji kwenye ukingo wa paa. Kwanza tuliweka mapipa mawili, baadaye tangi. Mvua ikianza, maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege huyaacha yamwagike. Kisha ndipo anapogeuza bomba liingie tangini. Mdomo wa tangi nimeufunika kwa wavu niliouzungushia pindo, mbu wasitage humo. Maji ya tangi ni ya miche na ya kufulia. Ya kunywa tunayachemsha. Ya kunawa mikono hayana mjadala tena, hata kiangazi.

Kitaluni, kwa ushauri wa bwana shamba, alichimba vijitaro vifupi vinavyokata mteremko kwa ubavu. Wakulima huviita makinga maji. Maji ya mvua husimama humo kidogo, yakaingia ardhini badala ya kukimbia. Kando yake amepanda majani ya kushika udongo. Miche ameitandazia nyasi kavu, udongo usichomwe na jua. Mtaro wenyewe hatuuzibi na hatutupi kitu humo. Jumamosi tunauzoa, mimi juu na yeye chini, au kinyume chake, na hilo nalo tunaligombania.

Mdomo wa kisima umejengwa kwa zege mpaka kiunoni, una kifuniko. Bwana afya alikitia dawa ndipo tukaanza kukitumia. Kuhusu choo alitufokea, akasema kilikuwa karibu mno na kisima, na kimejengwa kwa juu zaidi, kwa hiyo tukakifukia, tukachimba kingine mbali, upande wa chini, na kukinyanyua sakafu. Mabaki yangu ya vitambaa nayajaza kwenye mito ya kukalia, na watu wananunua. Vyeti vyetu, tochi na dawa za mama viko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Tumekubaliana pia kwamba utabiri ukisema mvua kubwa, hatungoji kuona. Tunapanda shuleni mapema, na mama mkwe anatangulia.

Yeye tumemhamishia juu, chumba kilichokuwa changu cha kushonea. Cherehani ndiyo iliyoshuka uani, juu ya meza ya matofali. Alilalamika wiki mbili kwamba sasa kumekuwa kimya mno.

Msimu uliofuata Mama Milimita aliandika sabini na moja kwenye daftari lake kwa alasiri moja. Ilikuwa kubwa kuliko ile. Tulikuwa shuleni, tumekaa kwenye madawati. Tuliporudi, mtaro ulikuwa unanguruma na kwenda zake. Uani kulikuwa na tope kidogo. Tangi lilikuwa limejaa. Baada ya hapo mvua ilikatika miezi minne na miche haikunyauka. Mume wangu nilimwona akiligonga tangi kwa kidole kila asubuhi, kusikiliza.

Juzi binti yetu alikuja na kazi ya nyumbani. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni: Linganisha madhara ya mafuriko na ya ukame. Kipi ni hatari zaidi? Toa sababu. Akatusomea tukiwa mezani.

Mume wangu alifungua kinywa. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua changu. Mama mkwe aliinua fimbo, akaiweka mezani katikati yetu.

"Mwanangu, andika," alimwambia binti. "Hatari zaidi ni wazazi wako."

Na yeye, mtoto mtiifu, akaandika hivyohivyo.

Daftari limerudi leo. Mwalimu amempa nusu ya alama, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu neno moja: Fafanua.

Basi, mwalimu, nimefafanua.